Kuonja Si Kula

Machi 6, Ijumaa

Daftari hili kaninunulia binti yangu. Anasema daktari hataki nipandishe hasira, kwa hiyo kila nikitaka kumfokea mtu niketi niandike. Haya, naandika. Nina hasira. Nina hasira na kitanda cha hospitali kilichonivunja mgongo, nina hasira na muuguzi aliyekuwa akiniita bibi, na nina hasira na moyo wangu mwenyewe, ambao miaka yote hii nilidhani tuko upande mmoja.

Wameniwekea stenti. Daktari wa moyo alinionyesha picha yake: kijibomba cha waya chenye matundu matundu, chembamba kama njiti ya kiberiti. Alikipitisha kwenye mshipa wa mkono mpaka moyoni, akakitanua pale palipokuwa pameziba. Akaniambia yeye amefanya nusu ya kazi, nusu iliyobaki iko jikoni. Jikoni, ananiambia mimi. Mimi ni mpishi mkuu wa kantini ya kiwanda cha mablanketi. Nilianza kulisha watu kabla daktari huyo hajaota meno, leo ananifundisha sufuria.

Machi 7, Jumamosi

Kabichi ya kuchemsha. Sina la kuongeza.

Machi 11, Jumatano

Mume wangu kaninyang'anya jiko. Alistaafu upimaji ardhi mwaka juzi, na tangu hapo alikuwa hana cha kupima, basi sasa kanipata mimi. Mafuta anayapima kwa kijiko cha chai na kukikung'uta ukingoni kama anatia dawa ya macho. Kuku anamchuna ngozi kwa mkasi, taratibu, ulimi nje. Mchele anaupima kwa kikombe, na akishaupima anainama kutazama kama umelala sawa.

Chumvi kaificha. Nilimuuliza leo mchana.

"Mzee, chumvi iko wapi?"

"Chumvi imehama."

"Imehamia wapi?"

"Kwa watu wenye mioyo mizima."

Alidhani nitacheka. Nilisusa chakula. Akakifunika vizuri kwa sahani, akaketi mbele yangu, akala cha kwake, kilekile kama changu, hakina chumvi, hakina chochote, na hakukunja uso hata kidogo. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote.

Machi 15, Jumapili

Mvua imeanza. Paa la sebule linavuja palepale lilipovuja mwaka jana. Mtu anaweza kupima nusu ya nchi lakini bati moja linamshinda.

Machi 19, Alhamisi

Daktari kaagiza nitembee kila siku, basi tunatembea, mimi na mzee na mwavuli wake, mpaka kwenye ghala la mbao na kurudi. Natembea kama bibi harusi, kila dirisha lina mtu.

Leo jirani wa nyumba ya pili alitusubiri mlangoni na kifurushi.

"Shoga," akasema, "hivyo vidonge vya hospitali vitakuyeyusha damu iwe maji. Chukua unga wangu huu wa mizizi. Acha vidonge wiki mbili tu, utaniambia."

Daktari alinieleza jambo moja huku amenishika mkono ili nisisahau: vile vidonge viwili vya damu nisiviache hata siku moja bila ruhusa yake, damu inaweza kuganda ndani ya stenti nikaondoka hivihivi. Mengine yote aliyosema niliyapokea kwa shingo upande, lakini hilo lilinishika. Nikamwambia jirani, "Shoga, unga wako kaulowekee nguo." Mzee alicheka mpaka mwavuli ukamwaga maji shingoni kwangu. Nami nilicheka. Naliandika kwa sababu ni la haki kuandikwa.

Machi 24, Jumanne

Kabichi, lakini leo kaikata umbo la pembe nne.

Machi 30, Jumatatu

Nimerudi kazini. Daktari karuhusu kwa masharti: nisibebe sufuria, nisikae karibu na moto muda mrefu, na nisile chakula cha kantini. Nimekubali yote. Chakula changu natoka nacho nyumbani kwenye kibakuli cha mzee, kimefungwa kwa mpira kama barua ya serikali.

Nilipoingia jikoni wote walisimama. Huku wananiita Jemadari. Wanadhani sijui. Naijua harufu ya jiko langu: mvuke wa mchele, vitunguu vikianza kugeuka rangi, sabuni ya kuoshea sakafu, na kwa mbali mafuta ya mashine kutoka upande wa nyuzi. Watu mia nne wanakula hapa mchana, na tangu nimeshika upawa hakuna sahani iliyowahi kurudi na chakula. Wanakula mpaka wanamimina maji ya jagi kwenye mchuzi uongezeke. Nimewacheka siku zote kwa ulafi huo.

Nilikuta msaidizi wangu kaweka kila kitu mahali pake. Ni mtu mzima, ana watoto watatu, lakini husikii neno lake, ndiyo maana anaitwa Kimya. Nikamwambia, "Alikuwa anaonja nani nilipokuwa sipo?" Akasema, "Mimi, Mama." Nikamwambia sasa nimerudi.

Nikachukua upawa. Kuonja kuna namna yake. Huonji kwa kijiko, kijiko kina ladha ya kijiko. Unachota kidogo, unamimina kwenye kiganja cha kushoto, unapuliza mara moja, unalamba, unajifuta kwenye aproni, unaenda sufuria ya pili. Hivyo ndivyo alivyonifundisha mpishi niliyemrithi. Niliposhika upawa ule mwili ulinirudia. Kwa mara ya kwanza tangu hospitali nilijisikia ni mimi.

Saa ya chakula nilifungua kibakuli changu, nikala maboga ya mzee mbele ya watu wote, sikumuonea mtu haya. Sikugusa sahani ya kantini.

Aprili 4, Jumamosi

Viatu vinanibana. Itakuwa ni unyevunyevu.

Aprili 8, Jumatano

Mvua. Viatu vinanibana vyote viwili. Nimevaa kandambili kazini na nimewaambia wasiniulize.

Aprili 12, Jumapili

Ijumaa sikuandika.

Tulikwenda kliniki. Daktari akapima presha, akapima mkono wa pili. Akabonyeza mguu wangu kwa kidole gumba, shimo likabaki palepale kama kwenye unga uliokandwa. Akauliza ninakula nini. Nikamtajia. Kabichi, maboga, kuku wa kuchemsha asiye na ngozi, wali kikombe kimoja, tunda, maji. Akauliza chumvi. Nikamwambia ilihama. Akamgeukia mzee. Mzee akaapa. Mtu mzima na mvi zake akaapa mbele ya daktari mtoto kuhusu kijiko cha mafuta.

Daktari akaongeza kidonge kingine, kisha akasema maneno ambayo tangu Ijumaa hayajanitoka kichwani.

"Mama, kuna kitu kinaingia na hatukioni. Ukirudi mwezi ujao hali ikiwa hivi, nitawaandikia kiwandani wakutoe jikoni. Sitaki kukufungulia mshipa mwingine, na huenda safari ijayo usinifikie hapa ukiwa hai."

Wanitoe jikoni. Wanipeleke wapi? Mapokezi, nikawapokee wageni na kandambili? Sijawahi kuwa kitu kingine chochote. Nilipokuwa msichana sikuwa mzuri wala sikuwa na masomo, nilikuwa na mkono wa sufuria. Mume wangu mwenyewe alinipata kwenye foleni ya chakula. Wakinitoa pale basi wamenizika, wacheleweshe tu kufukia.

Njiani mzee alisema, "Tutafuatilia tujue kinaingilia wapi." Nilikuwa nimeshaanza kufuatilia.

Aprili 14, Jumanne

Nimempata.

Nilirudi mapema kwa sababu umeme ulikatika kiwandani. Nikapitia mlango wa nyuma, nimelowa chapachapa. Mume wangu alikuwa amesimama kwenye dirisha la jikoni anakula yai, kasimama kama mwizi. Mbele yake kisanduku chake cha vyombo vya upimaji kiko wazi, na katikati ya vyombo vile, kopo la chumvi.

"Kumbe imehamia humuhumu ndani," nikasema.

Alishtuka mpaka yai likamtoka. "Yai moja tu, mama. Tangu utoke hospitali nakula kabichi. Moja tu."

"Na kijiko ulichochotea?"

"Nimechotea kidole."

"Kidole hichohicho unachonipikia."

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayedhani ni mzaha. Mimi sikuwa na mzaha. Yale yote ya Ijumaa yakanipanda: kidole cha daktari kwenye mguu wangu, neno lile la kunitoa. Nikamwambia daktari anatafuta kinachoingia na kumbe kinaingilia mkononi mwa mume wangu. Nikamwambia mtu anayeficha chumvi ndiye anayejua inakwenda wapi. Akasema, "Usiseme hivyo." Ndipo nikasema zaidi. Nikamwambia kama kachoka kuuguza afungue mdomo aseme kachoka, asiniue kwa vijiko.

Sura ilimwanguka kabisa. Akaokota yai chini, akafuta sakafu, akaosha sahani, akaikausha, akaiweka kabatini. Kisha akaenda chumbani akatoka na mto. Sasa yuko sebuleni, kwenye kochi, upande unaovuja. Ninasikia akilisogeza.

Sijutii. Mtu aliyekaribia kufa ana haki ya kuuliza.

Aprili 15, Jumatano

Kifungua kinywa mezani, kimefunikwa. Kibakuli kimefungwa kwa mpira. Mtu hayupo.

Aprili 17, Ijumaa

Hatusemeshani. Najipikia mwenyewe usiku, bila chumvi, bila mafuta kabisa, tuone. Miguu ni ileile. Bila shaka ni masalio ya alichonipa.

Aprili 20, Jumatatu

Binti kapiga simu. "Mama, Baba anasema unasema anakuua."

"Amekuambia?"

"Nilimuuliza kwa nini sauti yake iko hivyo. Mama, Baba huyu alikaa kwenye benchi la hospitali mpaka wakamfukuza wasafishaji."

Nikamwambia simu inaisha chaji. Haikuwa inaisha.

Aprili 22, Jumatano

Leo mzee kanifedhehesha mbele ya watu wangu. Nitaandika yote.

Asubuhi tulikuwa tumeshaweka maharage na nyama motoni, nikamwona anaingia na mlinzi wa geti. Kavaa viatu vyake vya porini na kofia ya kazi, kama siku zile anakwenda kugombanisha watu na mipaka yao. Mkononi jagi la plastiki jeupe, lenye mistari ya kupimia, lile la kwetu la juisi. Akawasalimia wote, mmoja mmoja. Mimi akanipita. Akavuta gunia la vitunguu, akaketi, akamwita Kimya.

"Ndugu yangu, nina ombi. Kila huyu mama akimimina kitu kiganjani, na wewe chota kiasi kilekile umimine humu."

Kimya akanitazama. Jiko zima likanitazama. Nikasema, "Mwacheni, atachoka." Nilitaka aone haya. Nilitaka akae pale na jagi lake mpaka ajue ni upuuzi, arudi nyumbani aniombe radhi.

Nikafanya kazi yangu. Maharage nikayaonja yalipoanza kuiva, nikayaonja baada ya kitunguu, nikayaonja baada ya chumvi, nikaongeza, nikaonja kujua nimeongeza vipi. Mchuzi wa nyama hivyohivyo, na ule unahitaji zaidi kwa sababu mafuta yanaelea na kukudanganya. Kipande cha nyama kujua kama kimelainika. Kingine kutoka upande wa pili wa sufuria, kwa kuwa moto wetu hauwaki sawa. Supu ya wale wa zamu ya usiku. Viazi vya kukaanga, kimoja kila karai. Kabichi. Kisha kuzungukia zote upya kabla ya kupakua, kwa sababu chakula kikikaa hubadilika. Kila nikiinua mkono nilisikia Kimya nyuma yangu, chop, chop. Baada ya muda sikumsikia tena. Nilikuwa nimemsahau, yeye na mzee na jagi. Ndivyo nilivyo nikifanya kazi.

Kengele ilipolia mzee akasimama. Kanyanyua lile jagi kwa mikono miwili kwa sababu lilikuwa limejaa. Mchuzi, maharage, mafuta, vipande vya nyama na viazi vimeelea juu, mpaka karibu na mdomo. Wapishi walilitazama, hakuna aliyecheka. Nilitaka mmoja acheke ili nimfukuze kazi.

Akalifunika kwa sahani, akatoka. Nilimwona dirishani akivuka uwanja katika mvua, mwavuli kaushika juu ya jagi, yeye mwenyewe analowa.

Aprili 23, Alhamisi

Asubuhi lile jagi lilikuwa mezani, limelala kwenye friji usiku. Mafuta yameganda juu, meupe, unene wa kidole. Pembeni kaweka kile kijiko cha chai anachonipimia.

Kuonja si kula. Mpishi yeyote atakwambia. Nani anakaa chini akasema leo nimekula maonjo? Ningeulizwa na daktari mara mia ningejibu vilevile, na nisingekuwa nasema uongo.

Nililimwaga kwenye sinki kwa hasira. Yale mafuta yakakamata kwenye tundu, maji yakakataa kwenda, nikasimama pale nusu saa na kijiti nazibua. Sitaandika nilichokuwa nafikiria.

Aprili 25, Jumamosi

Usingizi hakuna. Nimemsikia akisogeza kochi mara mbili. Kutamka neno moja kumeniwia kazi kuliko kubeba sufuria.

Aprili 28, Jumanne

Basi sitaonja. Wametaka nisionje, sikuonja. Nilipika kwa macho na kwa kumbukumbu, mdomo nimeufunga. Nilijiambia mkono wangu unajua wenyewe.

Sahani zimerudi. Sahani za maharage, zimejaa, zinarudi kwa mstari kwenye kidirisha changu, na kila aliyerudisha aliangalia pembeni. Kumbe nilikuwa nimetia chumvi mara mbili. Nilitamani kuingia ndani ya sufuria nijifunike.

Meneja akaniita ofisini. Kaongea kwa upole, jambo linalonichefua.

"Mama, umefanya kazi kubwa hapa. Labda upumzike. Kimya anaweza kushika mpaka upate nguvu."

"Kimya hajui kuongoza hata birika la chai."

"Alishika ulipokuwa hospitali. Hatukupata lalamiko."

Nikatoka bila kuaga. Hatukupata lalamiko, anasema.

Mei 1, Ijumaa

Sikukuu, kiwanda kimefungwa. Nimekaa na ukuta. Mume wangu katengeneza bati la sebule. Kalipiga misumari kwa saa nzima juu ya kichwa changu na hajanisalimia.

Mei 5, Jumanne

Leo nilimwambia Kimya aonje yeye. Nilisimama karibu naye na upawa, yeye kiganja kakinyoosha.

"Vipi?"

"Sawa."

"Sawa vipi?"

"Sawa tu, Mama."

Sufuria ya pili, sawa. Ya tatu, sawa. Nikapiga upawa ukingoni mwa sufuria. Nikamwambia kama hana ulimi wa kuonja basi awe na ulimi wa kusema hana. Kazi yangu, jiko langu, moyo wangu, vyote viko kwenye kiganja chake na yeye ananiambia sawa.

Akajifuta mkono. Akasema akiangalia sakafu, "Nikisema kweli utanirushia huo upawa."

"Sema."

"Chumvi imezidi."

"Leo?"

"Leo, na jana. Imezidi siku nyingi, Mama. Tangu mwaka juzi inapanda. Nadhani ulimi wako umeizoea."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema aliniambia mara moja, na mimi nikamjibu akapike kwa mama yake. Sikumbuki. Lakini ni maneno yangu, nayajua yalivyo.

"Na watu wanaokula? Mia nne hawana midomo?"

"Wanaweka maji," Kimya akasema. "Yale majagi mezani."

Nilikwenda stoo nikakaa kwenye magunia. Hasira niliyokuwa nayo sijawahi kuwa nayo. Miaka miwili naona watu wanamwaga maji kwenye mchuzi wangu, nasimama kidirishani nawacheka walafi, na wao wanajiokoa. Hakuna hata mmoja aliyeona ninastahili kuambiwa. Nilikaa pale nikitafuta ni nani angethubutu. Wapishi, hapana. Meneja, hapana, ananizunguka kwa upole. Binti yangu kaninunulia daftari ili asinisikie. Na mume wangu, anayenijua kuliko wote, ilipofika zamu yake ya kunieleza alibeba jagi, hakufungua mdomo. Maana alishaufungua mara moja akasema yai moja tu, na aliona kilichompata.

Wala sikulia. Nilikuwa na hasira mno ya kulia. Safari hii tu sikuona wa kumpelekea.

Nikarudi jikoni. Nikamwambia Kimya, "Haya. Tuanze na maharage. Usiniambie sawa. Niambie kilichoko mdomoni." Ilimchukua muda. Mwanzo alikuwa ananitazama mikono. Mpaka kengele inalia alikuwa amesema maneno mengi kuliko niliyoyasikia kwake tangu aajiriwe. Alikataa kipimo changu cha chumvi kwenye mchuzi, akasema nusu, na tangawizi. Niliuma meno nikatia nusu.

Mei 6, Jumatano

Majagi ya maji yamerudi yamejaa. Wachache walimimina, kwa mazoea.

Mei 8, Ijumaa

Kimya kaniambia kabichi yangu haina uhai. Nimemwambia asante. Ilinitoka kama jino.

Mei 11, Jumatatu

Kliniki. Binti ndiye aliyenisindikiza. Presha imeshuka, si pale daktari anapotaka lakini imeshuka, na kidole chake hakikuacha shimo. Akauliza nimebadilisha nini. Nikamweleza kuhusu kiganja, kuhusu jagi, yote. Alinisikiliza kalamu mkononi. Akasema wagonjwa wake wote wapishi atawauliza swali hilo kuanzia leo, na barua ya kiwandani haandiki kwa sasa, mradi upawa uwe wangu na ulimi uwe wa mtu mwingine. Nibaki na vidonge, nibaki na matembezi, nirudi.

Jiko limebaki langu. Nilitarajia nitaruka. Nilitoka nikasimama kwenye ngazi za hospitali nikimtafuta mtu wa mwavuli.

Binti akauliza, "Baba umemwomba radhi?"

"Nimemsalimia."

"Mama."

"Na yeye alinijibu. Kwa hiyo tunaendelea vizuri."

Akanyamaza mpaka nyumbani. Naye kajifunza.

Mei 16, Jumamosi

Mvua zimekaribia kuisha, leo imenyesha kidogo tu mchana ikaacha. Jioni niliingia jikoni kabla mzee hajaingia. Nikaweka wali, nikapika kuku kwa nyanya na limau na pilipili manga, bila chumvi. Alipotokea mlangoni akageuka kuondoka.

"Njoo uonje," nikasema.

"Mimi si mtu wa kuonja. Mimi ni mtu wa kuua."

Kalisema bila sauti kubwa, kwa utulivu, kama mtu anayetaja kazi yake. Alikuwa nalo tangu siku ya yai. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia mambo mengi, kwamba nilikuwa mgonjwa, kwamba nilikuwa na hofu, kwamba na yeye jagi lile lilizidi. Yote ni kweli. Hakuna hata moja lililokuwa linatakiwa pale.

"Nilikusingizia," nikamwambia. "Ulikuwa unaniokoa, nikakuita muuaji. Nimekosa. Nisamehe."

Alisimama ameshika mwimo wa mlango. Nikavuta kiti, nikampa kijiko. Akaketi kwa shida, akachota, akatia mdomoni, akaangalia ukuta.

"Vipi?" nikauliza.

"Sawa."

"Usiniambie sawa. Niambie."

Akaniangalia muda mrefu kuona kama ni mtego. Kisha akasema limau imezidi. Akasema kuku kaiva vizuri lakini limau imezidi, inakwaruza. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kumwambia limau ndiyo inayoshika nafasi ya chumvi, mtu asiyejua jiko atajuaje. Nikaufunga. Akasema tena kwamba nyama ya namna hii aliila peke yake usiku ule niko hospitali, kwenye duka la nje ya geti, akaishia kuitapika. Akasema walimletea karatasi aweke sahihi kwamba nikifa wasilaumiwe, na mkono ulikataa kuandika jina, yeye aliyeandika jina lake kwenye ramani maisha yake yote. Akasema alikuwa anapima mafuta yale kwa sababu hicho ndicho kitu pekee alichojua kufanya. Akasema katika nyumba hii amekuwa akichagua maneno kama mtu anayevuka barabara, tangu watoto wakiwa wadogo, na kwamba amechoka, ndiyo, nilimuuliza kama kachoka, basi kachoka, lakini si kuuguza.

Hapo nikasikia wali unashika chini. Harufu ile naijua kabla haijawa harufu. Sufuria ilikuwa nyuma yangu, hatua moja. Mwili wote uligeuka wenyewe kwenda kuipua, na yeye akaona, akakatiza, akasema, "Nenda, wali unaungua."

"Uache uungue," nikasema. "Endelea."